Magogo Chini ya Daraja

Mdudu wa kwanza kumtia Ursula wasiwasi hakuzidi punje ya mchele. Alikuwa amejikunja ndani ya beseni jeupe kandokando ya mto Msumbili, Jumamosi ya pili ya Oktoba, na wavu aliokuwa ameutanda kwenye ufa wa gogo ulikuwa umeharibika.

Ursula alipiga magoti kwenye mchanga, akaweka miwani sawa, akauangalia tena kwa kioo cha kukuzia.

Alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Kibaha, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Kongowe. Kila mwezi alipanda basi hadi Mlandizi, akachukua bodaboda, akapita Mzenga na vumbi lake mpaka kwao Maneromango, alikozaliwa. Mhadhiri wa chuo kikuu aitwaye Dokta Evance alikuwa akitafiti viumbe wanaoishi kwenye miti iliyozama mitoni, na alitaka mtu mwenye mkono mtulivu asiyeogopa matope. Ursula alikulia hatua mia nne kutoka Msumbili. Aliikubali kazi kabla hajamaliza kuelezwa.

Kazi yenyewe ilikuwa magogo kumi na mawili ya mwembe, kila moja nene kama paja la mtu, yaliyozamishwa na kufungwa kwa waya kwenye mizizi ya ukingoni. Sita yalikuwa upande wa juu wa kivuko, sita upande wa chini. Kila mwezi aliyatoa moja baada ya jingine, akayasugua taratibu kwa mswaki juu ya beseni, akahesabu walioanguka, akaandika, kisha akawarudisha majini pamoja na magogo yao.

Waliompendeza zaidi ni wale ambao utotoni waliwaita mafundi. Vitabuni wanaitwa trikoptera, jina ambalo Maneromango halimwambii mtu kitu. Wakikomaa ni vijidudu vya kahawia kama nondo wadogo, wanaozonga taa magharibi, na watu huwaua kwa kandambili. Lakini utoto wao wote huuishi chini ya maji. Baadhi hukata vipande vya majani yaliyooza, wakavishona kwa uzi unaotoka mdomoni, wakatembea ndani ya vijumba hivyo. Wenzao hugandisha chembe za mchanga. Wapo pia wasiobeba nyumba. Hao hujibanza kwenye nyufa za gogo na kutanda wavu mlangoni, uso wake ukielekea mkondo, mto ukawaletea chakula. Gogo likikaa majini miezi mitatu linakuwa na watu wake: wa kutafuna gamba, wa kutega, wa kukwangua utelezi, na wa kuwala hao wote.

Wavu wa fundi ukiwa mzima una vitundu vya mraba vilivyolingana kama chandarua kipya. Huu aliokuwa akiutazama ulikuwa umepinda, vitundu vya upande mmoja vimeungana, upande mwingine hakuna kitu, kama kazi ya mtu aliyelewa. Aliangalia wa pili. Aliangalia wote waliokuwa kwenye gogo namba saba. Kati ya nyavu kumi na nne, kumi na moja zilikuwa hivyo hivyo.

Kwenye gogo namba sita, upande wa juu wa kivuko, hapakuwa na hata moja iliyopinda.

Kati ya gogo la sita na la saba palikuwa na daraja.

Daraja hilo lilikuwa jipya, lilifunguliwa Septemba, na aliyelijenga ni mdogo wake Ursula wa kuzaliwa tumbo moja, Zablon, fundi mwashi. Hakuna mtu pale kijijini aliyehitaji kuelezwa kwa nini alilijenga. Masika ya mwaka juzi Zablon alikuwa akiwavusha watoto wa shule kivukoni, maji yakiwa kifuani, akiwashika wawili wawili. Mmoja wao alikuwa Anifa, binti wa mzee Mfaume, miaka kumi na mmoja. Mkono uliteleza. Walimpata siku ya tatu, mbali kule chini, amekwama kwenye mti uliozama.

Zablon alikaa mwezi mzima bila kuzungumza na mtu. Alipofumbua mdomo, alizungumzia daraja. Alizunguka ofisi kwa ofisi, kanisani, msikitini, hadi kwenye yadi moja ya nguzo kando ya barabara ya Morogoro, upande wa Visiga, ambako walimpa nguzo ishirini zilizokataliwa kwa kupinda. Zilikuwa nguzo zilizotiwa dawa, rangi yake ya kijanikijani, zile zisizoliwa na mchwa. Siku ya ufunguzi mchungaji aliomba, na mzee Mfaume mwenyewe akasoma dua, kisha akavuka wa kwanza huku analia.

"Dada, bado unacheza na wale mafundi wako?"

Zablon alikuwa amesimama juu yake, ameegemea ukingo wa daraja, anacheka. Alishuka, akachuchumaa karibu na beseni. Ursula alipompokea mkono aliona vidonda vitatu kwenye vifundo vya vidole. Vilikuwa vya duara, vimeshuka ndani kama vilivyotobolewa kwa msumari wa moto.

"Hivi vimetoka wapi?"

"Saruji hiyo. Mwashi gani hana vidonda?"

"Vinauma?"

Zablon aliugeuza mkono, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Haviumi hata kidogo," alisema. "Ndiyo maana nasahau kuvipaka dawa."

Ursula aliandika kuhusu nyavu daftarini, akaongeza alama ya kuuliza, akarudi Kibaha.

Novemba gogo la saba lilikuwa na mafundi wanne tu. Kwenye la nane walikuwepo wengi, lakini alipovipasua vijumba kwa kibanio alikuta zaidi ya nusu wamekufa humo humo ndani, mashavu yao ya kupumulia yamekuwa meusi. Mdudu wa aina ile maji yakimkera huachia gogo na kujiachilia aende na mkondo. Hawa hawakupata nafasi hiyo. Upande wa juu wa daraja magogo yote sita yalikuwa yamejaa. Alilazimika kutumia mabeseni mawili.

Alipokuwa akifunga vifaa alimwona Mama Anifa, Biasha, mke wa mzee Mfaume, amesimama majini chini kidogo ya daraja akiinua kiroba cha muhogo aliokuwa ameuloweka. Kila mtu pale huloweka muhogo mtoni; siku ya nne unalainika, unanuka, unaanikwa, unatwangwa unga. Ursula alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo unitazamie. Wewe umesoma."

Biasha alitoa kipande na kumpa. Kilikuwa kigumu, cheupe, kama kimemenywa asubuhi ile.

"Una siku ngapi?"

"Leo siku ya tisa. Wa mara iliyopita nao ulikuwa hivi hivi. Hauozi. Nikadhani ni mbegu mpya, nikachimba ile ya zamani, hali ni ile ile." Alijikuna kiganja juu ya kitenge. "Hata mbuzi siku hizi wanagoma kunywa hapa. Wanapanda mpaka kule juu."

"Na nyinyi maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Si hapa hapa, mwanangu? Tangu daraja lijengwe pamekuwa pazuri kushuka. Na tazama yalivyotakata."

Ursula aliyatazama. Ni kweli yalikuwa yametakata. Mawe ya chini yalionekana moja moja, hayana utelezi, hayana ule ukungu wa kijani ambao mtoto akikanyaga anaanguka. Zamani kwenye kina kile usingeuona unyayo wako. Alikaa pale akiutazama unyayo wake.

"Mama Anifa, kuanzia leo chota juu ya daraja. Na muhogo uloweke huko. Nakuomba."

"Kuna nini?"

"Sijui bado. Ila nakuomba."

Desemba gogo la saba halikuwa na kitu. Alilisugua lote, akalisugua tena, beseni likabaki na maji matupu. Mti wenyewe ulikuwa safi, haujaliwa, haujalainika, miezi mingi majini na bado gamba limeshika. Gogo lisilooza. Alilinusa. Halikunuka mto wala tope.

Alipanda juu ya kilima penye mtandao, akampigia Dokta Evance. Mhadhiri alimsikiliza bila kumkatiza.

"Chukua maji," alisema, "chukua mchanga, chukua na kipande cha hilo gogo. Juu ya daraja na chini ya daraja. Na Ursula, vaa glovu. Usinawe hapo."

Majibu yalikuja katikati ya Januari. Evance hakutuma ujumbe, alipiga simu mwenyewe, na Ursula akatoka maabara, akasimama uwanjani pa shule ili asisikike.

"Kuna shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu kali. Ni dawa ya kuhifadhi mbao, inayopigwa kwenye nguzo. Lakini nguzo ishirini haziwezi kutoa kiasi hiki, hata kama zingekuwa zinachuruzika. Kuna kitu kingine pale. Muulize aliyejenga."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Ursula aliomba ruhusa ya kukosa msiba wa jirani, akaenda Maneromango.

Alimkuta Zablon nyumbani kwao kwa zamani, amekaa kwenye kigoda anapenga kamasi, na kitambaa kilikuwa na damu. Vidonda vya vidoleni sasa vilikuwa saba. Zablon alimsalimu vizuri, akamkaribisha chai. Ursula hakuketi.

"Zablon, chini ya daraja kuna nini?"

"Nguzo, mawe na saruji."

"Na nini?"

Mdogo wake alikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni.

"Na uzito," alisema. "Kila daraja lina uzito kwenye kingo zake, la sivyo mafuriko yanalibeba. Sikuwa na mawe ya kutosha. Yule aliyenipa nguzo kule yadi aliniambia, ukichukua nguzo nakupa na mapipa, yana tope la matangi wanamolowekea nguzo, likikauka ni kama zege. Lori lao lenyewe lilileta. Mapipa kumi na mawili. Sita kila upande."

"Mlifukia."

"Tulifukia. Mengine mifuniko ilikuwa haifungi, nikaisukumizia kwa mkono."

Ursula alishika ukuta. "Ulivaa glovu?"

"Glovu za nini, dada? Lilikuwa tope."

"Na lilikuwa na rangi gani?"

Zablon aligeukia mlangoni. Nje kuku walikuwa wanaparura, na mbali mtu alikuwa anapasua kuni. "Kijani," alisema mwishoni. "Lilikuwa linanuka. Nilijua si tope la kawaida, kama ndiyo unachotaka nikiri. Lakini masika yalikuwa yamebaki miezi sita na mimi sikuwa na uzito."

Ursula alimweleza basi. Alimweleza nyavu zilizopinda, mafundi waliokufa ndani ya vijumba vyao, muhogo wa Biasha, vidonda visivyouma, damu ya puani. Alipofika kwenye kufukua mapipa, Zablon alisimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Unataka nibomoe daraja kwa sababu ya wadudu?"

"Wadudu wametangulia tu, Zablon."

"Watoto themanini wanapita pale! Themanini! Unajua mimi naota nini? Wewe unakuja hapa mara moja kwa mwezi na beseni lako. Mimi naota mkono. Kila siku naota ule mkono." Alikuwa analia bila kujifuta. "Nenda kamwambie Mfaume. Nenda umwambie yeye kwamba daraja la binti yake libomolewe. Akikubali, nitachimba."

Pengine alidhani dada yake hatathubutu. Ursula alikwenda saa ile ile.

Mzee Mfaume alikuwa shambani anapalilia mahindi. Aliweka jembe chini, akaitikia shikamoo, akamtafutia kivuli cha mkorosho. Ursula alizungumza kwa muda mrefu. Hakumficha sehemu ya Zablon. Mzee alimsikiliza huku akifinyanga udongo kati ya vidole vyake.

"Mama yake Anifa miguu imekufa ganzi," alisema. "Tangu mwezi wa Mfungo Sita, daraja likiwa bado jipya. Anasema anahisi amevaa soksi. Nikampeleka zahanati, wakampa dawa za minyoo."

"Baba Anifa..."

"Na mimi nimevuka wa kwanza. Nimelisomea dua." Alitupa udongo. "Mwambie Zablon sina kinyongo naye. Sikuwa nacho wakati ule na sina leo. Lakini yale mapipa yatoke."

Haikuwa rahisi hivyo. Dokta Evance alisema mtu asiguse kitu bila mavazi maalumu, na akaandika barua. Ursula aliipeleka barua hiyo kwa mkono wake hadi ofisi ya mazingira ya wilaya. Maofisa wawili walikuja wiki iliyofuata, wakachukua maji kwenye chupa, wakapigilia kibao chekundu kivukoni na kingine kilomita moja chini, wakasema wataalamu wa kufukua watafika. Watu waliambiwa wasitumie maji. Wengi waliacha. Baadhi waliyatazama yalivyokuwa meupe, wakaendelea kuchota alfajiri. Kule yadi ya Visiga maofisa walikuta geti limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi anayesema hajui kitu.

Januari ikaisha. Februari ikaingia na mawingu. Kila siku Ursula alipiga simu, kila siku akaambiwa wiki ijayo. Alianza kuamka na kutazama mbingu kabla hajanawa uso.

Mvua ilianza tarehe kumi na tisa Februari, mapema mno, huko juu kwenye vilima. Saa mbili asubuhi Mfaume alimpigia.

"Njoo mwanangu. Mto unapanda. Ndugu yako ameshaingia kuchimba."

Alifika saa sita, bodaboda ikiteleza kwenye matope kuanzia Mzenga. Alikuwa amechukua maabara glovu zote alizoweza, na aproni za mpira. Zablon alikuwa amefukua ukingo wa kushoto mpaka kiunoni, amefunga mifuko ya nailoni miguuni na kitambaa usoni. Juu yake Mfaume na wanaume wengine wanne walivuta kamba. Mapipa matano yalikuwa tayari yamesimamishwa kwenye kichuguu mbali na maji, yamefunikwa turubai. Yalikuwa yameoza kwa kutu, na kwenye kutu palikuwa na michirizi ya kijani.

Ursula aliwagawia glovu na aproni. Maji yalikuwa yamebadilika rangi kuwa ya udongo, yanaleta matawi.

"La sita!" Zablon aliita kutoka shimoni. "Vuta!"

Walivuta, wakitarajia uzito, na kamba ikawarusha nyuma wote watano. Pipa lilikuja juu kama debe tupu. Lilibingirika likatulia mbele ya miguu ya Ursula, na wote wakaona kwamba halina kitako. Ndani lilikuwa limesafishika, hata tope la kupaka kidole halikubaki.

Mfaume aliliinamia. "Lilikuwa limejaa hili?"

"Lilijaa mpaka juu," alisema Zablon. "Mfuniko wake niliusukumizia mimi."

Walihamia ukingo wa kulia. Walivuka daraja kwa kukimbia, na Ursula alilisikia likitikisika chini yake. Upande huo Zablon alichimba kama mtu anayetafuta aliyefukiwa. La saba lilikuwa tupu. La nane lilikuwa tupu. La tisa lilikuwa na nusu. Wakati anafikia la kumi mtu alipiga kelele, na Ursula akageuka, akaona ukingo wa kushoto, ule waliouchimba, ukimomonyoka kwa kipande kimoja kikubwa cha udongo. Nguzo ziliinama polepole. Kisha daraja lote likakaa upande, likavunjika katikati, likaondoka.

"Toka!" Ursula alimpigia kelele mdogo wake. "Zablon, toka humo!"

Alikuwa amekumbatia pipa la kumi, maji yakiwa tumboni. Hakulitaka liende. Mfaume ndiye aliyejilaza kifudifudi kwenye matope, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Liache, kijana wangu. Mimi nimekushika wewe." Zablon aliliachia. Walimvuta akiwa hana kiatu kimoja. Pipa lile na mengine mawili nyuma yake yalikwenda na mto. Moja walilifuata kwa macho mpaka kwenye kona, likizama na kuibuka.

Wataalamu walifika siku kumi baadaye, wakiwa na mavazi meupe, wakayachukua mapipa yaliyokuwa kichuguuni na kukwangua udongo wa kingo zote mbili.

Zablon alihamia kwa dada yake Kongowe ili awe karibu na hospitali. Daktari alimmulika puani, akamwambia Ursula pembeni kwamba ukuta wa katikati ya pua umetoboka, na kwamba hayo mengine, ini na damu, yatajulikana baada ya miaka. Vidonda vya vidoleni vilifunga vikabaki mashimo. Alikuwa anakaa barazani na mikono mapajani, akiuliza mara kwa mara kama mvua imenyesha Maneromango. Biasha alianza kutembea kwa fimbo. Viganja vyake vilikuwa vigumu, na vidoa vyeusi vilimtoka mabegani. Watoto wa shule walirudi kivukoni. Maji yakipungua, mzee Mfaume alisimama pale asubuhi na jioni, kamba imefungwa mti kwa mti, akiwavusha mmoja mmoja. Yakijaa aliwarudisha nyumbani.

Juni Ursula alirudi kuhesabu.

Magogo ya juu yalikuwa mazima, yamejaa kuliko mwaka uliopita. Kuanzia la saba hadi la kumi na moja hapakuwa na kiumbe. La kumi na mbili, lililokuwa mbali zaidi, siku zote lilikuwa na mafundi wazima, na ndilo lililokuwa linampa moyo. Alilitoa, akalisugua. Nyavu tatu, zote zimepinda. Kilichobaki ni vijumba vitupu.

Alikaa kitako ukingoni. Halafu akaacha beseni, akaanza kutembea kufuata mto. Hakuwa na magogo yake tena huko chini, kwa hiyo aligeuza miti ya mto wenyewe, kila shina lililozama alilolifikia. Alipita kibao chekundu cha pili, kimeinama, maandishi yameanza kufutika. Kuanzia hapo kwenda chini hakukuwa na kiumbe. Nusu saa baadaye hakukuwa na kitu. Kwenye kona moja, chini ya mti mkubwa ulioangukia majini, alikuta moja ya yale mapipa limebanwa kati ya matawi, mdomo wake umeelekea mkondo, na maji yakiingia na kutoka humo kwa utulivu. Kila tawi la mti ule lilikuwa safi kabisa.

Alipiga picha, akamtumia Evance pale alipopata mtandao, akaendelea. Alikuwa ametembea karibu muda wa saa mbili alipoona moshi na migomba, kitongoji wanachokiita Kwa Zahoro. Hakuwahi kufika hapo maishani mwake. Njia ya kutoka mtoni ilikuwa pana na imekanyagwa vizuri, ina alama za madumu yaliyoburuzwa.

Bibi mmoja alikuwa uani anapepeta mpunga. Ursula alibisha hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, karibu mwanangu, karibu. Unatoka wapi na jua hili? Umelowa miguu yote." Bibi aliweka ungo chini, akampa mkeka, akajitambulisha kwa jina la Kidawa, na kabla mgeni hajasema alilojia, akaingia ndani akatoka na kikombe cha bati kilichojaa.

"Kunywa kwanza. Maneno hayakimbii."

Ursula alikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kilikuwa cha baridi. Ndani yake, chini kabisa, aliweza kuona ua jekundu lililochorwa kwenye kitako cha kikombe, kila petali.

"Bibi," alisema, "mnachota wapi?"

"Hapo hapo mtoni, mwanangu. Mwaka huu Mungu ametuangalia, maji yametakata ajabu. Watu wa vitongoji vingine wanakuja kuchota kwetu."

Ursula aliweka kikombe mkekani bila kukinywa, akaona uso wa bibi ukibadilika kwa kuona hivyo. Akamwomba amwite mwenyekiti wa kitongoji na yeyote aliyepo jirani, waje wote kwa pamoja, kwa sababu alichokuwa nacho cha kuwaambia kuhusu maji yale hakutaka kukirudia mara mbili.